Difu ya Camaro 1969: muuzaji anasema 3.73 ya kiwandani, mimi nahesabu kingine. Nimepigwa?

#1 Boksi_la_Ohio
Wakuu, salama? Baada ya miaka kumi na moja ya kubeba maboksi nimejitia wazimu, nimenunua Camaro SS ya 1969, injini 350, gia nne za mkono. Bei siitaji, mke wangu yumo humu humu jukwaani.

Muuzaji kaniapia kwamba difu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani: mfuniko wa bolti 12, posi (yaani inafunga matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja), resho 3.73, maana yake propela inazunguka mara 3.73 kwa mzunguko mmoja wa matairi. Karatasi hana hata moja. Jana nimepiga jeki tairi moja la nyuma, gia fri, nikachora chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti inayotoka gia boksi kwenda difu. Tairi likimaliza mzunguko mmoja, propela inakwenda miwili na kakipande. Nimerudia mara tatu. Hiyo 3.73 iko wapi hapo?

#2 Mpita_Njia_Halisi
Umepigwa. Uzi ufungwe.

#3 Siti_ya_Mbele
Nimeweka kambi hapa na kahawa yangu. Mke wake akitokea mniite.

#4 FundiGerezani
Mleta uzi tulia. Umeinua tairi moja, lingine limekanyaga chini. Hapo difu inagawa: tairi la juu likizunguka mara moja, krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) inazunguka nusu tu. Kwa hiyo hesabu yako izidishe mara mbili. Miwili na kakipande ni nne na kitu.

Hilo kosa nimewafundisha vijana wa gereji miaka nenda rudi na bado wanalirudia.

#5 Boksi_la_Ohio
Asante fundi. Basi ni nne na kitu. Bado siyo 3.73!

#6 Bibi_Spana
Kweli siyo. 3.73 kwa njia yako ingekupa mzunguko mmoja na asilimia 87 hivi, yaani propela isingefika miwili. Ukivuka miwili, hata kwa unyoya, 3.73 imeshatoka. Hapo kinachokuja kichwani ni 4.10, meno 41 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, gia ndogo inayoizungusha.

Lakini kuna jambo linanisumbua zaidi. Kama ni posi na tairi la pili lipo chini, uliwezaje kulizungusha kwa mkono? Posi nzima inagoma.

#7 Boksi_la_Ohio
Ilikuwa inabana dada, nilitumia mikono miwili na goti. Ila ilizunguka.

#8 Bibi_Spana
Basi ama klachi za posi zimekwisha, ama haijawahi kuwa posi. Inua matairi yote mawili, zungusha moja. Yakienda upande mmoja, kuna posi ndani. Lingine likirudi kinyume, ni difu ya kawaida au posi iliyochoka. Ndiyo maana jibu la "kinyume" halithibitishi chochote kwenye gari la miaka zaidi ya hamsini.

#9 Kijana_wa_Grogan
Buda, mbona mnajisumbua? Sisi huku Nairobi Toyota imeandika kila kitu kwenye kibati: injini, gia boksi, ekseli. Unasoma msimbo, unaenda dukani, umemaliza. Si uangalie namba ya chesisi?

#10 Mzee_Mopar
Namba ya chesisi ya Chevrolet ya mwaka ule haisemi kitu kuhusu difu. Camaro ya 1969 inaanza 123 kama ni silinda sita na 124 kama ni V8. Hata V8 gani haikuambii! Halafu 37 ya bodi, 9 ya mwaka, na herufi ya kiwanda: N ni Norwood, L ni Los Angeles. Basi.

#11 Boksi_la_Ohio
Yangu ni 124379N. Norwood ni hapa hapa Ohio, jirani na Cincinnati. Kiwanda kilifungwa 1987, ila nimejisikia vizuri kujua gari limerudi nyumbani.

#12 Mpita_Njia_Halisi
Gari limerudi nyumbani, wewe lini?

#13 Boksi_la_Ohio
😂 Tusiharibu uzi.

#14 Bibi_Spana
Turudi chini ya gari. Kabla ya resho, tujue kwanza hilo ni bakuli gani, yaani ile nyumba ya chuma ya difu. Nipe majibu matatu:

Mfuniko una bolti 12 kweli? Umbo lake ni la duara au yai? Na juu ya bakuli, pale katikati, kuna masikio mawili ya chuma?

Nauliza masikio kwa sababu Chevelle ya miaka ile inatumia springi za koili na mikono minne, na mikono ya juu inashikwa kwenye masikio hayo. Camaro inakalia springi za majani, haina masikio. Nimewahi kuona difu ya Chevelle iliyokatwa masikio kwa grainda, ikachomelewa vikalio vya springi za majani, ikauzwa kama ya Camaro. Ukipitisha kidole unaukuta mkwaruzo chini ya rangi.

#15 Boksi_la_Ohio
Bolti 12 nimehesabu. Masikio hakuna, na nimepitisha kidole, hakuna kovu. Mfuniko naona ni duara ila si duara kamili.

#16 Mnazi_wa_Toronto
Bolti 12 zisikupe usingizi. Oldsmobile walikuwa na difu yao ya 1967 hadi 1970 yenye mfuniko wa bolti 12, ila ndani krauni imeshikwa na bolti 10. Si sawa kabisa na ile ya Chevrolet. Na malori ya Chevrolet nayo yana bolti 12, mfuniko umekaa kiyai zaidi, na shina la pinioni ni jembamba kuliko la gari dogo.

#17 FundiGerezani
Nilidhani malori ndiyo yana shina nene.

#18 Mnazi_wa_Toronto
Kila mtu hudhani hivyo fundi. Ni kinyume.

#19 Mzee_Mopar
Ndiyo maana nasema mnunue Mopar, yaani Chrysler, Dodge na Plymouth. Kwetu difu ya inchi 8¾ unaichungulia kwa mbele, unasoma namba tatu za mwisho kwenye chuma: 741, 742 au 489. 741 ina shina dogo la pinioni, 742 shina kubwa, 489 ndiyo iliyokuja mwishoni, 1969 kwenda mbele, shina linapungua kama koni. Na difu za Dana 60 ndizo walizopewa magari ya injini 440 na Hemi za gia nne, kibati kinaning'inia kwenye bolti ya mfuniko, bolti 12, resho 3.54 au 4.10.

#20 Bibi_Spana
Mzee shikamoo, lakini Dana 60 ina bolti 10.

#21 Mzee_Mopar
Marahaba. Umenikamata. 10. Nimeandika bila miwani.

#22 Mnazi_wa_Toronto
Na 741, 742 haikuambii resho, inakuambia bakuli tu. Ndani unaweza kutia resho yoyote. Hata sisi wa Ford tuna ugonjwa huo huo. Difu ya inchi 9 haina mfuniko wa nyuma, moyo wote unachomolewa kwa mbele. Watu wa mashindano walikuwa wanabadilisha Jumamosi jioni, Jumatatu wanarudisha wa kwendea kazini. Kibati kinasema 3L50, maana yake 3.50 yenye kufunga, hiyo L ndiyo kufunga. Lakini kibati kimeshikwa na nati moja tu! Mimi nina vibati vitatu kwenye droo ya jikoni.

Kitu pekee kinachotuokoa ni kwamba kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia 1967 zipo kwa Kevin Marti, unalipia, unaletewa ripoti yenye resho gari liliyotoka nayo. Watu wa Pontiac nao wana PHS, huduma ya namna hiyo hiyo.

#23 Boksi_la_Ohio
Na Chevrolet?

#24 Mnazi_wa_Toronto
Chevrolet mna maombi.

#25 Bibi_Spana
Kuna karatasi ya kiwandani ikiwa panya hawajaila. Ifunue siti ya nyuma, tazama kwenye springi zake, na juu ya tangi la mafuta. Vinginevyo kuna kile kibati kidogo cha waranti, Protect-O-Plate, kina msimbo wa injini, gia boksi na difu. Ila nacho siku hizi wanakipiga upya.

#26 Boksi_la_Ohio
Siti nimefunua. Nimekuta kalamu ya risasi, senti 35 na mfupa wa kuku.

#27 Siti_ya_Mbele
Mfupa una tarehe?

#28 Bibi_Spana
Sasa twende kwenye chapa. Bomba la ekseli la kulia, upande unaotazama mbele. Ni herufi mbili za msimbo, tarehe tarakimu nne (mwezi kisha siku, mwaka hawakuandika), herufi ya kiwanda, na kama ni posi ya kampuni ya Eaton utaona E. Usishike msasa! Usishike brashi ya mashine! Chapa ni ya kina cha ukucha. Paka siki au mafuta ya kulainisha kutu, ngoja usiku mzima, futa kwa kitambaa, kisha sugua chaki na mulika tochi kwa ubavu.

#29 Boksi_la_Ohio
Kwenye brashi nimechelewa, muuzaji alishapiga. Nimefanya ya chaki. Nasoma B, herufi ya pili sijui S sijui 8, halafu 0-kitu-12, G, na E naiona vizuri. Hicho "kitu" ni 3 au 8.

Na kwenye bakuli lenyewe kuna herufi zilizoinuka: B 27 9.

#30 Kijana_wa_Grogan
Hiyo ya mwisho ndiyo nini tena?

#31 Bibi_Spana
Tarehe ya kumimina chuma. A ni Januari, B Februari, unakwenda hivyo hadi L. Kwa hiyo 27 Februari, mwaka unaoishia na 9. Chuma kimemiminwa 27 Februari 1969.

G ni kiwanda cha gia na ekseli Detroit. Mleta uzi, kibati cha bodi pale chini ya kioo cha mbele kinasema gari liliundwa lini?

#32 Boksi_la_Ohio
03C.

#33 Bibi_Spana
Machi, wiki ya tatu. Kama chapa ni 0312, basi chuma 27 Februari, difu ikafungwa 12 Machi, gari likaundwa wiki iliyofuata. Hiyo imekaa kama pete na kidole. Kama ni 0812, Agosti, gari lilikuwa tayari barabarani miezi mitano, na hiyo si difu yake.

#34 Mzee_Mopar
Kwangu imekaa vizuri mno. Wanaopiga chapa bandia nao wanajua kusoma kalenda.

#35 Mnazi_wa_Toronto
Si wote. Rafiki yangu aliuziwa difu yenye 0209 ya 1969. Tukafungua kalenda: 9 Februari 1969 ilikuwa Jumapili. Pengine walifanya kazi Jumapili hiyo, sibishi, lakini muuzaji alipoulizwa aliacha kupokea simu. 12 Machi 1969 ilikuwa Jumatano, kwa hiyo hapo mleta uzi hana neno.

#36 FundiGerezani
Mimi naomba kuuliza kama mtu wa Gerezani. Tukikubali bakuli ni lake, resho ni nne na kitu, muuzaji anasema 3.73. Nani amekosea? Mlifika hapo mkakimbilia kalenda.

#37 Bibi_Spana
Fundi umeturudisha. Herufi mbili ndizo zingesema resho ya kiwandani, ila lazima usome jedwali la mwaka huo huo, kwa sababu herufi zile zile mwaka mwingine zina maana nyingine. Na yake ya pili haisomeki. S na 8 siyo ubishi, msimbo ni herufi mbili, 8 haiwezi kuwa. Inaweza kuwa B. Sijafurahi.

#38 Boksi_la_Ohio
Ngoja niongeze kitu ambacho nilikiona kidogo. Barabara kuu, gia ya nne, simu inaonesha maili 60, yaani kilomita 97 kwa saa. Mita ya arpiemu (mizunguko ya injini kwa dakika) inasimama 3,200. Spidi mita ya gari inaonesha 66.

#39 Mnazi_wa_Toronto
Kidogo!? Hiyo ndiyo nyama ya uzi.

Kanuni: mwendo kwa maili, zidisha resho, zidisha 336, gawa kwa kimo cha tairi kwa inchi. Tairi lako?

#40 Boksi_la_Ohio
Inchi 26 nikipima kwa futi.

#41 Mnazi_wa_Toronto
Geuza hesabu: 3,200 mara 26, gawa kwa 60 mara 336. Inatoka 4.13. Karibu kabisa na 4.10. Gia ya nne ya mkono ni moja kwa moja, hakuna kuteleza kama kwenye otomatiki, kwa hiyo namba naiamini.

#42 Mzee_Mopar
Mita ya arpiemu ya zamani unaiamini kuliko mimi ninavyomwamini mkwe wangu.

#43 Bibi_Spana
Tazameni spidi mita. Inaonesha 66 mahali pa 60, yaani imezidisha asilimia 10. Gawa 4.10 kwa 3.73: 1.099. Asilimia 10! Kale kagia ka plastiki kwenye mkia wa gia boksi kamekaa kwa ajili ya 3.73. Mtu alibadilisha krauni na pinioni akaweka 4.10, kagia akakaacha. Muuzaji hakudanganya, alirithi hadithi ya kweli kuhusu meno ambayo hayapo tena.

#44 Siti_ya_Mbele
Bibi Spana kavunja kesi. Naomba nimtolee posa.

#45 Bibi_Spana
Nina mume na watoto watatu, na wote wanajua kutumia jeki.

#46 Mzee_Mopar
Haijavunjika. Nini kinasema gia boksi ni ya gari hilo? Kagia kanaweza kuja na gia boksi ya gari jingine. Au spidi mita yenyewe imechoka, springi ya ndani imelegea, inasoma juu. Au tairi la zamani lilikuwa kubwa. Asilimia 10 ina wazazi wengi.

#47 FundiGerezani
Hapo nampa mzee haki. Nitoe la kwangu. Miaka ya tisini ililetwa kwangu Land Rover Series III, mwenyewe analalamika gari likitiwa four-wheel kwenye lami linanguruma na usukani unakuwa mgumu. Nikahesabu kwa chaki, propela ya mbele na ya nyuma. Mbele 4.7 yake ya asili, nyuma mtu ametia difu ya Range Rover, 3.54! Alitaka gari likimbie barabara ya Morogoro, akabadilisha nyuma tu. Siku moja alitia four-wheel kwenye tope la Rufiji likatoka bila tabu, maana tope linasamehe. Aliporudi kwenye lami akasahau kuitoa, krosi ya propela ikakatika mbele ya kituo cha basi. Na kibati cha gari kilikuwa safi, kila namba ya kiwandani.

#48 Mzee_Mopar
3.54! Meno 46 kwa 13, kama Dana yetu. Dunia ndogo.

#49 Kijana_wa_Grogan
Fundi hiyo ya four-wheel kwa lami imenikumbusha kitu na sitasema.

#50 Mpita_Njia_Halisi
Sema.

#51 Kijana_wa_Grogan
Gari la mzee. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zii.

#52 Mnazi_wa_Toronto
Mleta uzi, ubishi unaisha kwa spana moja. Weka beseni, legeza mfuniko, mwaga oili, soma ukingo wa krauni. Meno yamepigwa chapa pale.

Na ukiwa ndani angalia unene wa krauni. Difu hiyo ya bolti 12 ilikuwa na viti tofauti vya kubebea krauni: cha 3.73 hakipokei krauni ya 4.10 ya kiwandani, kwa sababu pinioni ya 4.10 ni ndogo na krauni inabidi isogee. Wauza spea wakaja na krauni nene ya 4.10 inayokaa kwenye kiti cha 3.73. Ukikuta nene, mtu amebadilisha baadaye. Ukikuta ya kawaida kwenye kiti cha 4.10, basi huenda gari lilitoka na 4.10 tangu mwanzo na muuzaji hajui alichokuwa nacho.

#53 Siti_ya_Mbele
4.10 ya kiwandani si ndiyo ile COPO, Camaro ya oda maalumu yenye injini 427?

#54 Bibi_Spana
COPO 427 zilikuja na 4.10, ndiyo. Ila 4.10 haimfanyi mtu kuwa COPO, kama kilemba kisivyomfanya mtu kuwa sultani. Ana 350, aridhike.

#55 Boksi_la_Ohio
Nimefungua. Oili nyeusi kama kahawa ya Bukoba, sumaku imevaa manyoya ya chuma. Ukingoni: 41 10. Picha nimeweka. Krauni nimepima kwa kalipa, lakini sina ya kulinganisha nayo.

#56 Bibi_Spana
Kwenye picha naiona nene.

#57 Mnazi_wa_Toronto
Mimi naiona ya kawaida. Picha imepigwa kwa ubavu, kivuli kinadanganya. Piga ukiwa umelala sawasawa na bomba.

#58 Mzee_Mopar
Na klachi za posi?

#59 Boksi_la_Ohio
Zipo, zimekwisha. Sahani mbili zimegeuka bluu.

#60 Bibi_Spana
Hiyo ndiyo goti lako la #7. Badilisha sahani, na oili utie ile ya posi yenye dawa yake, la sivyo kila kona ya maegesho itakuwa inapiga kelele kama punda wa Lamu.

Halafu niseme jambo moja watu wasichukue uzi huu wakaenda kuuzia. Injini na gia boksi za gari hili zilipigwa sehemu ya namba ya chesisi. Difu haikupigwa kamwe. Hata tukisoma kila herufi, tutakachokuwa nacho ni difu ambayo tarehe zake hazipingani na gari. Anayeandika kwenye tangazo "difu ya asili, imethibitishwa" mwulizeni imethibitishwa na nani.

#61 Mzee_Mopar
Na wewe #33 ulisema kama pete na kidole.

#62 Bibi_Spana
Pete ya kuazima nayo huingia kidoleni, mzee.

#63 FundiGerezani
Mleta uzi, kagia ka plastiki ukakitoa uhesabu meno. Hapo tutajua kilifungwa kwa resho gani.

#64 Boksi_la_Ohio
Nimetoa. Kana mafuta, kana ufa, na meno mawili hayapo. Nahesabu pengo au nahesabu yaliyobaki?

#65 Mpita_Njia_Halisi
Nilisema umepigwa tangu #2.

#66 Mama_Boksi_Ohio
Hamjambo nyote. Hiyo bei ni ngapi?

#67 Siti_ya_Mbele
Kahawa nyingine tafadhali.